Pampu inayojiwasha usiku wa baridi: kinga ya kuganda inavyolinda mabomba ya bwawa

Saa tisa usiku, mwezi wa Januari, simu ikaita. Alikuwa shemeji yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miezi minne tu katika nyumba aliyopanga Garland, pembeni ya Dallas, nyumba yenye bwawa la kuogelea uani.

"Shem, samahani kwa kukuamsha. Pampu ya bwawa imejiwasha yenyewe. Jana usiku pia ilifanya hivyohivyo. Nimeizima kwenye breka, kesho nitamwambia mwenye nyumba alete fundi."

Nikamuuliza huko nje kuna baridi kiasi gani. Akaniambia nyuzi 27 za Farenhaiti, yaani karibu nyuzi 3 chini ya sifuri kwa Selsiasi.

"Irudishe breka sasa hivi, shem," nikamwambia. "Halafu toka nje usikilize kama maji yanapita. Maelezo nitakupa kesho."

Maelezo yenyewe ndiyo haya, nimeyapanua kwa sababu si yeye peke yake anayeyahitaji. Wakenya na Watanzania wamejaa Dallas na Houston, Wakongo wengi waliopokewa kama wakimbizi wamepewa makazi Fort Worth, Houston na Abilene, na wengi wetu tumekulia mahali ambapo maji huganda ndani ya friza tu. Shemeji ni mtu wa Tanga. Aliyezoea kuhesabu uniti za LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, akisikia mota inanguruma usiku wa manane bila kuwashwa na mtu, mkono wake unakwenda kwenye swichi. Lakini pampu ile ilikuwa nzima. Ilikuwa inatii kifaa kidogo kinachosoma baridi, na kazi ya kifaa hicho ni kuzuia mabomba yasipasuke.

Kinachopasua bomba

Waliouza barafu za ukwaju za mifuko mtaani wanalijua jambo hili tangu utotoni. Mfuko uliojazwa mpaka shingoni na kufungwa kwa kukaza hupasuka kwenye friza. Ulioachiwa nafasi hutoka salama. Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na ongezeko hilo lazima lipate pa kwenda.

Ndani ya bomba mambo ni mabaya zaidi kuliko kwenye mfuko, na kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Bomba mara nyingi halipasuki pale barafu ilipoanza. Barafu huanza sehemu iliyo wazi kwa baridi, ikaziba bomba kama kizibo, kisha ikaendelea kukua na kuyasukuma maji yaliyobaki mbele yake. Kama mbele kuna valvu iliyofungwa, maji hayo hayana njia. Shinikizo hupanda hadi kitu kiachie, na kinachoachia huwa ni sehemu dhaifu kuliko zote, pengine mita mbili kutoka kwenye barafu yenyewe. Bomba la PVC la inchi 2, la aina ya kawaida mabwawani, limekadiriwa kuhimili psi 280 (pauni 280 kwa kila inchi ya mraba) kwenye joto la kawaida. Maji yaliyofungiwa bila pa kutokea yakiganda kwenye nyuzi 1 tu chini ya sifuri yanaweza kusukuma kwa karibu psi 1,900. PVC haina ubavu wa kushindana na nguvu hiyo, na baridi yenyewe huifanya iwe kavu na rahisi kuvunjika.

Kwa Texas, mabomba yaliyozikwa si tatizo kubwa, maana ardhi hubaki na joto na baridi haiingii chini sana. Hatari iko juu ya ardhi, kwenye ile sakafu ndogo ya zege iliyobeba pampu, filta, hita na valvu. Hapo maji yamekaa ndani ya plastiki na shaba nyembamba, yamezungukwa na hewa pande zote. Pampu hupasuka tumbo au shingo ya kifuniko. Mirija ya shaba ndani ya hita huchanika kwa mstari mwembamba ambao huuoni mpaka shinikizo lirudi. Huko kaskazini, Minnesota au Michigan, hawahangaiki na pampu ya usiku: vuli ikifika hupuliza maji yote nje ya mabomba kwa kompresa, huziba midomo yake na kulifunga bwawa mpaka majira ya joto. Kinga ninayoeleza hapa ni ya mahali ambapo baridi kali huja siku chache kwa mwaka, ikaondoka, na bwawa linabaki wazi mwaka mzima.

"Maji yanayotembea hayagandi"

Hili utalisikia kwa kila mtu, na si kweli kama linavyosemwa. Mito huganda. Maporomoko ya maji huganda. Mwendo wenyewe hauyapi maji joto la maana. Kinachookoa bomba ni kile ambacho mwendo huo unabeba: joto lililohifadhiwa ndani ya bwawa.

Chukua bwawa la kawaida la lita 60,000. Ili maji hayo yote yapoe kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi, lazima yapoteze joto linalolingana na uniti 70 za umeme. Kama usiku unaanza bwawa likiwa nyuzi 8, kuna hazina ya mamia ya uniti kabla halijakaribia sifuri. Baridi ya usiku mmoja haiimalizi hazina hiyo.

Sasa tazama bomba. Bomba la inchi 2 hubeba lita mbili na kidogo kwa kila mita. Mita kumi za bomba lililo juu ya ardhi zina maji ya kama ndoo moja tu, na maji hayo yakiwa yametulia hufika sifuri baada ya kupoteza joto la chini ya robo ya uniti. Ndoo hiyo ndiyo inayoganda wakati bwawa lenyewe bado ni majimaji. Pampu ikizunguka, hata kwa mwendo wa pole wa lita 150 kwa dakika, maji ya ndani ya bomba hilo hubadilishwa yote kila baada ya sekunde tisa hivi. Yanaingia yakiwa na joto la bwawa na kutoka yakiwa yamepoa kwa kiasi ambacho kipimajoto cha kawaida hakiwezi kukionyesha.

Ukiielewa hesabu hii, mambo mengi yanajieleza yenyewe. Utajua kwa nini hita haina haja ya kuwaka. Utajua kwa nini mwendo wa polepole unatosha. Na utajua kwa nini tawi la bomba lisilopitiwa na maji halina kinga yoyote, hata kama pampu inanguruma usiku kucha. Nitalirudia hili la mwisho, maana ndipo watu wengi wanapoumia.

Saa inayosoma joto

Pampu ya zamani ya kasi moja huendeshwa na saa. Saa hiyo haijui chochote kuhusu hali ya hewa. Inajua kwamba saa mbili asubuhi ni ya kuwasha na saa kumi jioni ni ya kuzima. Kuongeza kinga ya kuganda maana yake ni kuipa pampu njia ya pili ya kupata umeme, iliyo sambamba na ile ya saa. Njia hiyo ni themostati, yaani swichi inayoendeshwa na joto. Saa ikisema zima lakini themostati ikasema baridi, pampu iwake. Mmoja wao akisema washa, inatosha. Wala themostati isifungwe kwa kufuatana na saa, kwamba umeme upite kwanza kwenye saa ndipo uifikie themostati, kwani hapo pampu itasubiri wote wawili wakubaliane, na usiku saa haitakubali.

Fundi aliyejifunza umeme Afrika Mashariki asimame kidogo hapa. Kwetu volti 230 au 240 huja kwa waya mmoja wenye moto na mwingine wa nyutro. Marekani, volti 240 za pampu huja kwa waya mbili, zote zina moto, kila mmoja ukiwa na volti 120 dhidi ya ardhi. Kwa hiyo saa hukata waya zote mbili kwa pamoja. Kwenye Intermatic T104, ile saa yenye sahani ya njano ambayo utaikuta kwenye kuta za nyumba nyingi za huku, umeme huingia kwenye skrubu ya 1 na ya 3, na huenda kwenye pampu kutoka ya 2 na ya 4. Ukichukua themostati yenye swichi moja ukaunganisha 1 na 2 peke yake, baridi itakuja na pampu haitawaka, kwa sababu waya wa pili bado umekatwa.

Nimeona jinsi baadhi ya watu wanavyolitatua hilo: wanaweka kipande cha waya cha kudumu kati ya 3 na 4, kisha themostati inawasha upande uliobaki. Pampu itafanya kazi vizuri kabisa. Lakini tangu siku hiyo mota ina waya mmoja wenye moto saa zote, hata saa ikionyesha imezima, na siku atakapokuja mtu kuifungua akiiamini saa, mikono yake ikiwa na maji ya bwawa, atapigwa. Usifanye hivyo, na ukikuta limefanywa nyumbani kwako liondolewe.

Njia safi ni kutumia kontakta ya nguzo mbili, ambayo ni swichi kubwa inayovutwa na koili. Themostati inaendesha koili tu, yenye umeme mdogo; kontakta ndiyo inayounganisha 1 na 2 na wakati huohuo 3 na 4. Njia hii inatatua pia tatizo la pili, kwamba themostati nyingi ndogo haziwezi kubeba mota. Pampu ya nguvu farasi moja na nusu huvuta ampea kadhaa ikiwa inakimbia na mara nyingi zaidi ya hapo sekunde ile inapoanza, na swichi dhaifu itaungua au, vibaya zaidi, itanasa ikiwa imewasha. Asiyetaka kujenga kisanduku cha kontakta anaweza kununua saa ya kidijitali ambayo tayari ina kinga ya kuganda na kihisio chake, yaani kile kifaa kidogo kinachosoma baridi. Mimi ningeshauri hiyo kwa nyumba nyingi. Bei yake si kubwa, na makosa ya waya hupungua.

Kuna kosa jingine la dukani. Themostati ziko za aina mbili: zinazowasha joto likipanda, kama zile za feni za darini, na zinazowasha joto likishuka, kama za hita. Unayoitaka ni ya kushuka. Ukileta ile nyingine, pampu itazunguka mchana wote wa Julai na kunyamaza usiku wa baridi.

Kazi yenyewe ya waya ifanywe na fundi mwenye leseni. Sisemi hivyo kwa mazoea. Pampu ya bwawa ni mota iliyounganishwa na maji ambayo watoto wako wanaogelea ndani yake. Kanuni za umeme za Marekani zinataka breka inayokata mara moja umeme unapovuja, na zinataka vyuma vyote vya eneo la bwawa vifungwe pamoja kwa waya mnene wa shaba. Anayeongeza kontakta asivuruge hata kimoja kati ya hivyo, na kisanduku kiwe cha nje kisichopenya mvua.

Kihisio kikae wapi, na kisomeje

Watu wengi huweka pampu iwake hewa inapofika nyuzi 38 za Farenhaiti, zaidi kidogo ya 3 za Selsiasi. Swali la haki ni: kwa nini isiwe 32, pale ambapo maji huganda?

Sababu ya kwanza ni kwamba kihisio kinaweza kukosea kwa nyuzi moja au mbili. Ya pili inavutia zaidi. Usiku wa mbingu angavu bila wingu, kitu chochote kinachotazama juu hupoteza joto lake kwenda angani, na kinaweza kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Ndiyo maana asubuhi nyingine unakuta barafu nyembamba kwenye kioo cha gari wakati kipimajoto kinasoma nyuzi kadhaa juu ya kuganda. Bomba lililo wazi hufanyiwa vilevile. Hizo nyuzi sita za Farenhaiti ni nafasi ya usalama, wala si ubadhirifu.

Upepo nao unachanganya. Watangazaji wa hali ya hewa husema nyuzi 35 lakini "inahisiwa kama 24". Inahisiwa na ngozi yako. Upepo hauwezi kulipoza bomba chini ya joto halisi la hewa. Unachofanya ni kulifikisha huko haraka zaidi. Kwa hiyo weka kinga kwa joto halisi.

Kihisio chenyewe kiwekwe kivulini, ukuta wa kaskazini ukiwapo ni bora, kikiwa mbali na tundu la moshi wa hita, mbali na mota, wala kisigusane na matofali yaliyochomwa na jua kutwa, kwa sababu ukuta hutunza joto na kihisio kitaamini bado ni jioni. Vingi ni vya aina ambayo ukinzani wake ni omu 10,000 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na hupanda hadi takriban 30,000 kwenye sifuri. Hilo linafaa kujulikana kwa sababu moja: waya wake ukikatika, mtambo unaona ukinzani usio na mwisho, na baadhi ya mitambo huutafsiri kama baridi kali mno. Pampu itazunguka siku nzima ya Mei. Waya ukigusana na mwenzake, mtambo unaona joto kali, na kinga haitaamka kamwe. Hitilafu ya kwanza utaiona kwenye bili ya umeme. Ya pili utaiona pampu ikishapasuka.

Kuhusu gharama, shemeji aliniuliza mapema, na ni swali la mtu mwenye busara. Pampu ya kasi moja ya nguvu farasi moja na nusu ikizunguka saa kumi za usiku inakula uniti 15 hadi 20. Kwa bei ya kawaida ya Texas ni kama dola mbili au tatu kwa usiku, na usiku wa namna hiyo si mwingi kwa mwaka. Pampu mpya peke yake, bila hita wala ufundi, hupita dola 1,000 bila shida.

Pampu za kasi tofauti

Tangu Julai 2021 kanuni za shirikisho za Marekani kuhusu matumizi ya umeme zimefanya pampu mpya za mabwawa mengi ya nyumbani ziwe za kasi tofauti. Ni nafuu kubwa: mwendo ukipunguzwa nusu, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu moja ya nane. Usiku wa baridi inaweza kuzunguka kwa wati 200 au 300 tu.

Nyingi zina kinga ya kuganda ndani yake, na mwenye nyumba akisoma hivyo kwenye boksi hupumua. Asome na kitabu. Kihisio cha baadhi ya pampu hizi kimo ndani ya kichwa chenye elektroniki, ambacho hupata joto kikifanya kazi na kikipigwa na jua, kwa hiyo kinachosomwa si hewa inayozunguka hita na valvu zako. Wapo watengenezaji wanaosema wazi kwamba kinga hiyo ni ya pampu peke yake, usiitegemee kwa bwawa zima. Na pampu ya aina hii ikiwa imefungwa nyuma ya saa ya zamani inayoikatia umeme jioni, kinga yake yote inalala pamoja nayo. Pampu ya kasi tofauti ipewe umeme saa zote, ratiba iwe ndani yake yenyewe.

Kila tawi lipate maji

Narudi kwenye jambo nililoliahidi. Pampu inayozunguka hulinda njia ambayo maji yanapita, basi. Bwawa lenye jakuzi lina njia ya jakuzi. Lenye chemchemi au ukuta wa maji lina njia yake. Kuna bomba la kifaa cha kusafishia sakafu, ambalo mara nyingi lina pampu yake ndogo ya nyongeza. Wakati wa baridi hakuna anayefungua chemchemi, kwa hiyo valvu yake imefungwa na maji yametulia ndani, yakisubiri.

Mitambo ya kisasa ya kuendesha bwawa inajua kugeuza valvu zenye mota kwa zamu, dakika kadhaa bwawani, dakika kadhaa kwenye jakuzi, mpaka joto lipande. Asiye na mtambo huo azifungue valvu kwa mkono jioni, kila moja robo au nusu, kisha azunguke na tochi kuhakikisha kila mdomo unatoa maji. Hapo ndipo utajua kama kasi uliyochagua inatosha: maji yasipofika kwenye jakuzi iliyoinuliwa, ongeza kasi. Pampu ya nyongeza lazima nayo iwashwe na kinga, lakini isiwake kabla ya pampu kubwa, kwa sababu inakunywa maji ya pampu kubwa na ikiwa peke yake itaungua.

Kimo cha maji ya bwawa kiwe katikati ya mdomo wa skima, yaani ule mlango wa pembeni unaovuta majani. Barafu ikiziba mlango huo, pampu huvuta hewa, maji hukatika, na kinga yote imekwisha huku mota ikilia kavu.

Kujaribu kinga usisubiri baridi. Chukua kikombe cha barafu na maji, koroga, tumbukiza kihisio ndani yake wakati saa imezima pampu. Maji ya barafu ni nyuzi sifuri. Baada ya muda mfupi pampu inatakiwa iwake. Kitoe, kikaushe, kipashe joto kwa kiganja. Pampu inatakiwa izime baada ya kupita nyuzi mbili tatu juu ya ile ya kuwashia. Tulifanya hivyo na shemeji Jumamosi iliyofuata simu yake, yeye ameshika kikombe, mimi nimesimama kwenye pampu. Jaribio hili lifanywe kila Novemba.

Umeme ukikatika

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Februari 2021, baada ya saa saba usiku, ERCOT, shirika linaloendesha gridi ya sehemu kubwa ya Texas, liliagiza umeme ukatwe kwa wateja ili gridi nzima isianguke. Mitambo ya kuzalisha ilikuwa imezidiwa na baridi. Kilele chake zilikatwa megawati 20,000, na zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zilikaa gizani, nyingine kwa siku kadhaa. Siku iliyofuata Dallas ilifika nyuzi 2 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, yaani karibu 19 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Houston, mji wa joto na mbu, ulifika nyuzi 13 za Farenhaiti. Jimbo lilihesabu vifo 246.

Mbele ya msiba huo bwawa ni kitu kidogo. Lakini somo lake kwa pampu lilikuwa kamili: waliokuwa na kinga nzuri na wasiokuwa nayo walipoteza vilevile, maana kinga inayotegemea umeme hukoma umeme unapokoma. Baridi hiyohiyo ilisimamisha viwanda vya pwani ya Ghuba vinavyotengeneza malighafi ya PVC, na vifaa vya kutengenezea mabwawa vikawa adimu kwa miezi.

Umeme ukikatika usiku wa baridi kali na hakuna wa kukuambia utarudi lini, usingoje asubuhi. Mwaga maji. Kwanza zima breka ya pampu, ili umeme ukirudi ghafla isizunguke bila maji. Zima hita na gesi yake. Kama bwawa liko juu kuliko pampu, funga valvu za kuingia na za kurudi, la sivyo bwawa zima litamwagikia uani. Fungua kipumulio cha hewa juu ya filta. Kisha ng'oa vizibo vya kumwagia maji: pampu nyingi zina viwili chini, filta ina chake, hita ina vyake, na usisahau pampu ya nyongeza. Kama filta ina valvu ya mikondo mingi, weka mpini katikati ya nafasi mbili ili pande zote zipumue. Vizibo vyote vitie ndani ya kikapu cha pampu. Hapo hutavitafuta, na huwezi kuwasha pampu bila kuviona. Ndani ya skima tumbukiza chupa ya plastiki yenye kokoto kidogo ndani, imefungwa, ielee wima nusu ikiwa majini. Barafu ikitanuka itaiminya chupa badala ya ukuta wa skima.

Blanketi juu ya mabomba bila chanzo cha joto huchelewesha tu. Dawa ya kuzuia kuganda ya gari isiingie bwawani kamwe, ni sumu. Na hili nalisema kwa uchungu: usiku ule wa 2021 watu wengi Houston na kwingineko walivuta sumu ya kaboni monoksidi kwa kuingiza jenereta, majiko ya mkaa na magari yanayowaka mahali pasipo hewa. Jiko la mkaa tuliloota moto nalo nyumbani Lushoto au Njombe, kwenye nyumba yenye mianya, linaua ndani ya nyumba ya Marekani iliyozibwa kila tundu. Bwawa liache lipasuke kuliko kuwasha jenereta gereji.

Baridi ikipita, usikimbilie breka. Subiri barafu yote iyeyuke yenyewe, bila maji ya moto wala moto wa gesi kwenye PVC. Rudisha vizibo ukiwa umepaka mafuta ya silikoni kwenye mipira yake, jaza kikapu cha pampu maji mpaka juu, fungua valvu, acha kipumulio cha filta wazi hadi kitoe maji bila hewa. Washa kwa kasi ndogo. Kisha chuchumaa na tochi chini ya hita kwa dakika kumi, kwa sababu ufa wa shaba hauvuji mpaka shinikizo lirudi, na tone la kwanza huanzia hapo.